Mali Bila Daftari: Ukumbusho wa Likizo ya Kigali

Likizo ya chuo ni fupi, lakini habari zake ni ndefu. Kijana arudipo nyumbani kutoka safarini, mkoba haujatua chini wadogo zake wameshauzunguka, wakiuliza swali lile lile la siku zote: "Umetuletea nini?" Mama naye hutabasamu tu, maana yeye ameshapata alichokuwa akikingoja, yaani mwanawe kurudi salama. Baada ya chakula cha usiku ndipo mkoba hufunguliwa, na vitu vya ugenini hutolewa kimoja kimoja na kupitishwa mkono kwa mkono.

Vitu hivyo aghalabu si vya thamani kubwa. Huenda ni kikapu, kipande cha kitenge, pakiti ya kahawa, au picha ya wanafunzi watano waliokumbatiana mabegani. Hata hivyo, baada ya miaka kumi vitu hivyo ama huwa hazina ya nyumba au huwa takataka za uvunguni. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni kuwapo kwa mtu awezaye kueleza kila kitu kilitoka wapi, kilitengenezwa na nani, na siku ile kilipopatikana walikuwapo akina nani. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kumbukumbu nayo ni mali.

Katika miji ya Afrika Mashariki inayotembelewa na vijana wa vyuo, hapana unaofundisha jambo hilo kwa uwazi zaidi kuliko Kigali, mji mkuu wa Rwanda.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Katika Kiswahili neno "ukumbusho" hubeba mizigo miwili. Zawadi ndogo aliyoichukua msafiri sokoni ni ukumbusho. Mnara uliojengwa kwa heshima ya waliokufa nao ni ukumbusho. Ndugu zetu Wanyarwanda wanalo neno lao "urwibutso", nalo hufanya kazi hizo hizo mbili. Neno hilo limeandikwa Gisozi, mahali walipozikwa wahanga wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Neno hilo hilo ni jina la kampuni itengenezayo mafuta ya pilipili yaitwayo Akabanga, kichupa kidogo cha matone ambacho wageni wengi hukinunua ili kuwapelekea jamaa zao. Akabanga maana yake ni siri ndogo, na anayedondosha zaidi ya matone mawili katika wali wake huijua siri hiyo upesi.

Basi kijana aendaye Kigali na wenziwe hukutana na ukumbusho wa aina zote mbili, pengine katika siku moja. Asubuhi aweza kuwa kimya mbele ya makaburi, na alasiri akawa sokoni akipatana bei ya kikapu. Wengine huona mambo hayo hayapatani. Kwa kweli yanapatana sana, kama itakavyoonekana.

DARAJA LA RUSUMO

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 pamoja na Burundi, na tangu hapo safari za wananchi kati ya nchi hizi zimekuwa nyepesi zaidi. Chukulia mfano wa wanafunzi watano wa chuo kimoja cha Dar es Salaam waliochanga nauli zao kidogo kidogo muhula mzima. Basi lao hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, hata kufika Nyakanazi na kuteremka Rusumo, mpakani. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Huko barabarani ndiko urafiki unakopimwa kwanza: nani hugawa mkate wake, nani hulalamika, na nani huwaamsha wenziwe ili wasipitwe na kituo.

Hapo Rusumo mto Kagera huanguka kwa kishindo chini ya daraja. Wakishavuka, vijana hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja, na dereva aliyekuwa akiendesha kushoto sasa huendesha kulia. Mambo hayo mawili huwafurahisha sana wasafiri wapya, na picha nyingi za likizo huanzia hapo, wakishaondoka katika eneo la ulinzi ambamo haifai kupiga picha.

Lakini daraja la Rusumo lina habari nyingine, ambayo wazee wa Ngara hawajaisahau. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka hapo kuingia Tanzania, wamebeba mikeka, masufuria na watoto. Kambi ya Benaco ikageuka kuwa mji mkubwa wa mahema kwa siku chache tu. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 aweza kuvuka daraja hilo akila karanga, asijue lolote. Endapo baba yake ni askari au polisi aliyewahi kutumikia mikoa ya magharibi, ingefaa amweleze kabla ya safari, ili mwanawe aivuke Kagera akiwa na macho mawili: moja la kuona maji, jingine la kuona yaliyopita.

MIGONGO YA SAMADI

Kutoka mpakani hadi Kigali ni yapata kilomita 160 za vilima na migomba. Mapema katika mwendo huo, katika wilaya ya Kirehe, ndiko kwenye wenyeji hodari wa sanaa iitwayo "imigongo". Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno hilo, maana maana yake ni migongo, nayo yatokana na matuta yaliyoinuka juu ya ubao mithili ya migongo ya wanyama.

Kazi yenyewe ni ya ajabu kwa asiyeijua. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikafinyangwa kwa vidole juu ya ubao na kuwa mistari ya pembe na duara. Ikikauka husuguliwa ikawa laini, kisha ikapakwa rangi. Kwa asili rangi zilikuwa chache: nyeupe ya udongo mweupe, nyekundu ya udongo mwekundu, na nyeusi iliyotengenezwa kwa utomvu wa mshubiri na majivu ya maganda ya ndizi. Masimulizi ya wenyeji yanasema kuwa aliyeanzisha ufundi huo ni Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, aliyependa kuzipamba kuta za ndani za nyumba yake. Baada ya mwaka 1994 ufundi huo ulikuwa karibu kupotea, na akina mama wa huko, wengi wao wajane, wakaufufua kwa ushirika.

Kibao kidogo cha migongo hutosha katika mkoba wa mwanafunzi. Baba akiambiwa kuwa kimetengenezwa kwa samadi, hukinusa kwanza. Asiposikia harufu yoyote hucheka, na tangu hapo huwa yeye ndiye msimulizi wake mkuu kwa wageni.

KIMIRONKO NA NYAMIRAMBO

Kigali ni mji wa vilima. Ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, enzi ambazo Rwanda, Burundi na Tanganyika zilitawaliwa pamoja na Wajerumani, na ukawa mji mkuu wa taifa huru mwaka 1962. Mgeni hustaajabia usafi wake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 marufuku hiyo ilipanuliwa kwa vifaa vya plastiki vitumiwavyo mara moja. Kadhalika, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi hufanya umuganda, ambao ni kama msaragambo wa kwetu: asubuhi hiyo maduka hufungwa na magari hupungua hadi kazi iishe. Wanafunzi waliopanga kusafiri asubuhi hiyo hubaki kituoni wakingoja.

Katika soko la Kimironko ndiko vijana hununua vitenge, kahawa, na hasa vikapu. Kikapu mashuhuri huitwa "agaseke". Mtu wa pwani akikiona hukumbuka jamanda, ila kifuniko cha agaseke huchongoka juu kama paa la msonge. Husukwa kwa mkonge na nyasi, kwa sindano, mzunguko juu ya mzunguko, na kimoja chaweza kumchukua mwanamke siku nyingi. Tangu zamani agaseke hubebewa zawadi za arusi, na kifuniko chake ni alama ya kutunza siri za nyumba. Heshima yake ni kubwa hata kimechorwa katika nembo ya taifa iliyoanza kutumika mwaka 2001.

Baada ya vita na mauaji, wanawake walioachwa bila waume na wanawake ambao waume zao walikuwa magerezani walikaa mkeka mmoja wakisuka pamoja. Dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walianzisha kampuni ya Gahaya Links iliyokusanya kazi za wasukaji, na tangu mwaka 2005 vikapu vya Rwanda viliuzwa katika maduka ya Macy's ya Marekani. Hiyo ndiyo sababu wengi huviita vikapu vya amani. Mnunuzi mwenye busara hupatana bei kwa adabu, wala hapunguzi mpaka akamwaibisha muuzaji. Anaponunua, hamwuulizi kabila lake. Katika nchi ambayo neno moja katika kitambulisho liliamua nani afe na nani aishi, swali hilo ni jeraha. Vitambulisho vya sasa havina neno hilo.

Asiyejua Kinyarwanda asihofu. Mtaa wa Nyamirambo umezoea Kiswahili tangu zama za wafanya biashara na askari waliokuja na Wajerumani, na mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Hata hivyo, kijana akisema "muraho" kwa salamu na "murakoze" kwa shukrani, nyuso hukunjuka. Maneno hayo mawili nayo ni ukumbusho, na hayalipiwi ushuru mpakani.

KIMYA CHA GISOZI

Siku moja ya likizo hiyo hapana budi kutengwa kwa ajili ya Gisozi. Jengo la ukumbusho lilifunguliwa Aprili 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo kwa siku mia moja hivi yaliangamiza watu wanaokadiriwa kati ya 800,000 na zaidi ya milioni moja. Hapo wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Mwaka 2023 Gisozi, pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Vijana huingia wakizungumza na hutoka wamenyamaza. Kinachowanyamazisha si hesabu, kwa maana akili haiwezi kuishika hesabu kubwa kiasi hicho. Kuna chumba ambamo zimetundikwa picha zilizoletwa na jamaa za waliouawa. Ni picha za kawaida kabisa: bibi arusi, mtu aliyesimama kando ya baiskeli yake, marafiki waliovaa vizuri siku ya sikukuu. Hakuna kati yao aliyepiga picha hiyo akidhani itatundikwa ukutani kwa namna ile. Walipiga kama wanafunzi wapigavyo leo, kwa furaha ya siku hiyo.

Kuna pia sehemu ya watoto. Chini ya picha ya kila mtoto yameandikwa mambo machache: jina lake, umri wake, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda. Maneno hayo machache, yaliyosemwa na mtu aliyemjua, ndiyo yanayomrudisha mtoto yule mbele ya mgeni. Bila maneno hayo picha ingekuwa uso tu.

Hapo ndipo ukumbusho wa kaburi na ukumbusho wa mkobani hupatana. Vyote viwili huishi kwa sababu kuna mtu aliyekumbuka jina na kuliandika. Familia nyingi za Rwanda zilipoteza watu pamoja na nyumba zao, na picha zao ziliteketea humo. Aliyebakiwa na picha moja aliithamini kuliko shamba.

NGUZO KUMI

Kwa kijana aliyelelewa katika nyumba ya askari, pana mahali pengine pafaapo kutembelewa, karibu na katikati ya mji. Ni Kambi Kigali, ambako askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa waliuawa tarehe 7 Aprili 1994. Walikuwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, naye aliuawa siku hiyo hiyo. Zimesimamishwa nguzo kumi za mawe, moja kwa kila askari, na katika kila nguzo imechongwa mikato kwa hesabu ya miaka yake. Anayeihesabu kwa kidole hugundua kuwa baadhi yao hawakumzidi sana umri mwanafunzi wa chuo.

Kadhalika lakumbukwa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiyekuwa na silaha, ambaye aliokoa mamia ya watu kwa kuwapitisha katika vizuizi vya wauaji, kidogo kidogo, kwa ujasiri na ucheshi wake. Aliuawa kwa kombora mjini Kigali tarehe 31 Mei 1994. Mwaka 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua nishani ya ushujaa wa pekee iitwe kwa jina lake. Mtoto wa polisi au wa askari arudipo na habari hiyo, amemletea mzazi wake zawadi isiyouzwa dukani.

DAFTARI LA SAFARI

Jambo la kusikitisha ni kuwa vijana wengi hurudi na picha mia tano katika simu na habari tano tu kichwani. Simu ikiibwa au ikianguka majini, likizo nzima imekwenda. Ili hayo yasitokee, yafaa kundi lizingatie mambo haya.

Kwanza, wachague mwandishi mmoja, au wapokezane kila siku. Kila jioni aandike katika daftari la kawaida mistari michache: walipokwenda, walichokula, aliyewakarimu, na kilichowachekesha. Ugomvi nao uandikwe, kwa kuwa baada ya miaka ndio unaochekesha kuliko yote.

Pili, fedha za chakula na usafiri ziwe katika mfuko mmoja, na mtunza fedha aandike kila faranga. Urafiki mwingi wa chuoni umevunjika kwa nauli ya pikipiki isiyokumbukwa nani aliilipa.

Tatu, zawadi zipangwe kabla ya kufika sokoni. Mtu aandike majina ya wa nyumbani na kiasi cha kila mmoja, asije akamaliza fedha kwa rafiki mpya akamsahau bibi aliyemuuzia kuku wake ili apate nauli. Stakabadhi zihifadhiwe kwa ajili ya forodha. Vitu vya pembe, ngozi au magamba ya wanyama pori visinunuliwe kamwe.

Nne, taratibu za nchi zifuatwe. Askari walio kazini, vituo vya ulinzi na madaraja havipigwi picha bila idhini, na Gisozi wahudumu huulizwa kwanza. Wanaosafiri mwanzoni mwa Aprili wajue kuwa kuanzia tarehe 7 ni wiki ya maombolezo, na nyimbo za starehe hazina nafasi.

Tano, wakirudi, wachague picha kumi au ishirini na kuzisafisha kwenye karatasi. Nyuma ya kila moja yaandikwe majina kamili, mahali na tarehe. Neno "mimi na marafiki" halitoshi. Mjukuu atakayeipata picha hiyo hatajua "mimi" ni nani.

KUTUNZA NYUMBANI

Mama wa nyumba naye ana sehemu yake. Kikapu cha agaseke kisioshwe kwa maji, bali kifutwe vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, na kisiwekwe juani maana rangi hupauka. Katika majira ya masika kianikwe kivulini penye hewa, kisishike ukungu. Kibao cha migongo kitundikwe mbali na jiko na mbali na ukuta wenye unyevu. Kikifuatwa na vumbi, kitambaa kikavu chatosha. Kichupa cha Akabanga kiwekwe mahali ambapo watoto wadogo hawafiki, maana mkono wenye pilipili hiyo ukigusa jicho, kilio chake kitasikika nyumba ya tatu.

Ndani ya kikapu chenyewe, chini ya kifuniko, panafaa sana kuwekwa karatasi iliyokunjwa. Iandikwe: kilinunuliwa Kimironko, mwaka fulani, na fulani, akiwa na fulani na fulani. Kikapu kiliumbwa kutunza siri za nyumba, basi kipewe na hiyo moja ya kuitunza.

Chuo humalizika. Mmoja kati ya wale watano atapangiwa kazi Kigoma, wa pili atajiunga na jeshi, wa tatu ataolewa Mombasa, wa nne hatajulikana alipo. Wa tano, siku moja akipangusa vumbi kabatini, atainua kifuniko kile kilichochongoka na kuikunjua karatasi. Hapo watano wote watakuwa wamerudi sebuleni kwake, na basi litakuwa linateremka tena kuelekea Rusumo.